Mgeni Asiyengoja Siku ya Tatu

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kila mwanafunzi aijua methali hii, nasi walimu tuifundishapo hufanya haraka kueleza kwamba ni onyo kwa wavivu. Maelezo hayo ni kweli, ila si kweli yote. Jembe lile halikuwa adhabu. Lilikuwa mlango. Aliyelipokea alikoma kuwa mtazamaji, akaingia katika hesabu ya watu wa nyumba ile. Jasho lake lilimwagika pamoja na lao, na chakula alichokula jioni kilikuwa chake kwa haki. Lakini yuko mgeni mmoja ambaye waliotunga methali hawakumfikiria, naye ni yule ambaye jioni ya siku ya kwanza amekwisha kuondoka. Je, huyu anadaiwa nini na watu aliokuja kuwatazama?

Tuwawaze mume na mke, wote wawili walimu, mume mwenyeji wa Makueni na mke mzaliwa wa Kitui. Wameweka akiba kwa miaka mingi katika chama chao cha ushirika. Watoto wamemaliza masomo. Sasa wataka kuuona mji wa Venice, huko Italia, kabla uzee haujawafunga miguu. Mji huo umejengwa juu ya visiwa zaidi ya mia moja, katikati ya wangwa wa bahari. Barabara zake kuu ni mifereji ya maji, na madaraja yake yazidi mia nne. Nyumba zake zimesimama juu ya magogo yaliyopigiliwa katika tope karne nyingi zilizopita, na magogo hayo hayajaliwa na uozo upesi kwa sababu hewa haiyafikii huko chini. Hakuna gari lipitalo ndani yake. Mgonjwa hupelekwa hospitali kwa mashua, na takataka huchukuliwa kwa mashua.

Wako watakaosema kwamba safari hiyo ni israfu. Watauliza, inakuwaje watu watokao katika nchi ya ukame wakatumie mali yao kutazama maji ya wengine, ilhali fedha hizo zingejenga tangi la maji nyumbani? Swali hili lina uzito, nami simcheki alitoaye. Hata hivyo, lataka mtu aishi kwa haja za mwili peke yake. Tangu mwaka 2017 reli mpya ipitayo Emali, Kibwezi na Mtito Andei imewachukua watoto wengi wa Makueni kwenda Mombasa kuiona bahari kwa mara ya kwanza. Wameingia katika Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitalia, Giovanni Battista Cairati, wakarudi mikono mitupu. Mzazi gani atasema nauli ile ilipotea? Macho nayo yana njaa yake, na kuishibisha kwa mali ya halali si dhambi. Tangi lijengwe, na safari ifanywe. Kama fedha hazitoshi kwa yote mawili, tangi litangulie. Basi, hapo sina la kuongeza.

Shauri gumu liko kwingine, kwa wenyeji. Mwaka 1951 watu wapatao 175,000 waliishi katika mji wa kale wa Venice. Mwaka 2022 hesabu yao ilishuka chini ya 50,000. Hawakufukuzwa na vita wala tauni. Mafuriko yamewahi kuwatesa, kama yale ya Novemba 1966, maji yalipopanda sentimita 194. Lakini mafuriko huja yakaenda. Nyumba zilipanda bei, kwa kuwa chumba kilichomlaza mgeni kilileta faida kuliko chumba kilichokaliwa na mpangaji na watoto wake. Duka la mboga likageuka duka la vinyago vya kumbukumbu. Kijana aliyetaka kuoa alihamia bara, ambako nyumba ni nafuu na kazi ni nyingi. Hivyo watu waliokuja kuutazama mji wakawa wamechukua nafasi ya watu walioufanya kuwa mji.

Walimu wetu watajitetea: sisi tu wawili tu, tena kwa siku chache, mji wa karne nyingi utadhurika vipi kwa watu wawili? Jibu la swali hili halitafutwi Italia. Liko katika mito yetu mikavu. Mchanga wa mito ya Makueni ni ghala ya maji: mvua inyeshapo, maji hujificha kati ya chembe za mchanga, jua lisiweze kuyanyonya, na wakati wa kiangazi kina mama huchimba na kuyapata. Kisha walikuja wenye malori, kwa maana miji inayokua yataka mchanga wa kujengea. Hakuna koleo moja lililopata kuukausha mto. Ukimkamata mchimbaji yeyote akakuonyesha alichotwaa, utaona aibu kumshtaki. Hata hivyo mito ilikauka, na mwaka 2015 serikali ya kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuulinda mchanga wake. Sheria hiyo haikungoja kumpata mtu mmoja aliyekausha mto, kwa kuwa mtu huyo hayuko. Neno "sisi wawili tu" ni neno la mwenye koleo. Ni kweli, wala halimwondolei deni.

Watu wa Venice wamejaribu kumpa mgeni wa kutwa jembe la aina yake. Tarehe 25 Aprili 2024 walianza kumtoza yuro tano katika siku maalumu za msongamano, na mwaka 2025 aliyechelewa kujiandikisha alitozwa kumi. Anayelala mjini hatozwi ada hiyo, kwa sababu amekwisha kulipa kodi ya malazi. Nimewasikia wanafunzi wangu wakibishana juu ya jambo hili, wengine wakisema ni haki, wengine wakisema mji si bustani ya wanyama hata uwe na tiketi mlangoni. Mimi naona pande zote mbili zimegusa ukweli. Ada yaweza kusaidia kuosha njia, lakini haimfanyi mgeni kuwa mtu wa nyumbani hata kwa saa moja. Tena ina hatari yake: mtu akishalipa huona kwamba amekwisha kumaliza, na aliyemaliza hasalimu.

Sisi wenyewe tumepata kutazamwa. Tarehe 3 Desemba 1849 Johann Ludwig Krapf, akiwa Kitui, aliuona mlima Kenya, na habari zake zilipofika Ulaya wako wataalamu waliozikataa. Watu wa Kitui hawakuwa na haja ya kuthibitishiwa mlima. Kivoi, mfanyabiashara mkuu aliyeongoza misafara ya pembe hadi Mombasa, ndiye aliyekuwa mwenyeji wake. Krapf alirudi tena, na mwaka 1851 alifuatana na Kivoi kuelekea mto Tana. Walishambuliwa njiani na Kivoi akauawa. Mgeni alinusurika akatangatanga nyikani kwa njaa na kiu. Huyo walau alifika siku ya tatu. Siku hizi wageni huja kupanda mwamba wa Nzambani kwa ngazi ya chuma, wakahadithiwa kwamba mwanamume auzungukaye mara saba hugeuka mwanamke, na mwanamke hugeuka mwanamume. Hucheka, wakashuka. Ni wachache waulizao jina la aliyewahadithia.

Basi walimu wetu waende, ila waende kama watu wanaodaiwa. Walale mjini, wasiwe watu wa kushuka asubuhi na kupanda jioni. Wanunue mkate kwa mwoka mikate anayewauzia majirani zake. Wajifunze maamkizi ya Kiitalia kabla ya kuuliza bei. Na watazame kazi, maana kazi ndiyo uzuri ambao wapita njia hawauoni. Kwenye milango mitatu ya wangwa ule yamelazwa malango ya chuma sabini na manane, yanayoinuliwa bahari ichafukapo. Yalitumika mara ya kwanza kuuzuia mji usifurike tarehe 3 Oktoba 2020. Mume wa Makueni, aliyepata kubeba mawe ya kujenga bwawa la mchanga kuvuka mto, ataelewa mambo hayo upesi kuliko mwenye bomba jikoni. Wale wamejenga ukuta ili maji yasije. Yeye alijenga ukuta ili maji yasiende.

Mke naye, aliyekuwa akichota maji katika mchanga wa mto Tiva na kuyabeba mgongoni, kamba ikiwa imekaza kipaji cha uso, atakutana juu ya daraja jembamba na mtu akivuta rukwama iliyojaa masanduku ya mboga, ngazi kwa ngazi, huku watalii wamesimama katikati wakipiga picha. Hapo hatahitaji kuambiwa. Atamshika mumewe mkono, wasogee kando, mwenye mzigo apite.