Aliyepanda Arudi Kukagua

Somo: Mathayo 13:24–30, Mwanzo 2:15



Mfano wa magugu katikati ya ngano tumeusikia tangu utotoni, na kwa kawaida tunaukimbiza hadi siku ya mavuno na hukumu. Juma hili nawaomba tubaki shambani kwanza. Watumwa wanakuja na hasira, wanataka kuyang'oa magugu leo leo. Mwenye shamba anawazuia, kwa kuwa anajua jambo ambalo hasira imewaficha: huko chini mizizi imekwisha kushikana, na atakayevuta gugu kwa pupa ataondoka na ngano mkononi.

Sisi tunaoishi jirani na milima ya Usambara Mashariki tunaweza kuliona neno hili kwa macho. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa kilimo na mimea pale Amani, wakakusanya miti na mazao kutoka pande nyingi za dunia ili wajue kipi kitastawi. Baadaye ukapandwa huko mti wa musizi, ambao wataalamu huuita Maesopsis eminii. Mti huu ni Mwafrika. Kwao ni Afrika Magharibi na Kati, Uganda, hadi Bukoba, na huko una heshima yake: hutoa mbao, hutia kahawa kivuli. Walioupanda Usambara walitaka mbao za haraka, na kweli musizi hauchelewi kukua.

Kisha msitu ukafunguliwa. Katika miaka ya 1970 na 1980 magogo makubwa yalivunwa kwa mashine, jua likafika mahali ambapo kwa muda mrefu lilikuwa halifiki. Mche wa musizi hupenda mwanga wa namna hiyo. Hondohondo wakala matunda yake meusi, wakaruka na mbegu, wakazidondosha ndani kabisa ya msitu ule wenye mimea isiyopatikana penginepo duniani, nyumbani kwa lile ua dogo la zambarau la Usambara linalopandwa leo vyunguni katika nyumba za nchi nyingi. Wataalamu walipopaza sauti, musizi ulikuwa umekwisha kuenea.

Katika mfano wa Bwana, adui alikuja usiku watu wamelala. Hapa sioni adui. Mti ulipandwa mchana, na watu waliosoma, kwa nia ya maendeleo. Jambo hili linatugusa zaidi kuliko habari ya adui, maana wengi wetu hatupandi uovu kwa makusudi. Tunapanda jema, tunashukuru, tunaondoka. Linakua tukiwa hatupo.

Tazameni basi jinsi wanaoutunza msitu wanavyofanya kazi. Wananyoosha kamba, wanapima eneo, wanazungusha utepe kwenye kila shina kwa kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini na kuandika kipimo daftarini. Wanainama kutafuta miche, wakiutambua musizi kwa jani lake jembamba lenye meno ukingoni. Mche mchanga hung'olewa kwa mkono baada ya mvua, udongo ukiwa laini, na mzizi hutazamwa kama umetoka mzima. Mti mkubwa una hesabu nyingine. Ukiuangusha ghafla unafungua pengo la mwanga kama lile lile lililouingiza, na watakaowahi kuota hapo ni watoto wake pamoja na magugu ya lantana. Kwa hiyo iko njia ya kuuchuna gome kuzunguka shina ili ufe umesimama, majani yakipukutika kidogo kidogo, na miche ya asili iliyo chini ipate kuzoea jua. Kisha watu wale wanarudi mahali pale pale, na daftari lile lile. Asiyerudi hajui kama alitibu au aliharibu.

Wadudu nao wanatufundisha. Mwaka 1986 vidukari wa misaipresi walionekana Malawi, na kufikia 1990 walikuwa wamefika Kenya. Ni wadogo, hujibana kwenye vitawi wakifyonza utomvu, huku wakiacha uchafu mtamu ambao ukungu mweusi huota juu yake. Matawi yakawa ya kahawia, nyua za misaipresi majumbani zikakauka, hata mierezi ya mlima Mulanje ikashambuliwa. Wataalamu walileta kutoka Ulaya nyigu wadogo wanaowaua vidukari hao, lakini baada ya kuwachunguza kwanza. Dawa pia ni kitu kinachopandwa, na inastahili kukaguliwa kama ugonjwa wenyewe.

Nataka niseme wazi ninachokiona katika usharika wetu. Michango ya harusi ilianza kama upendo: jirani anaoa, tunambeba. Leo kadi ya mchango inafika kwa mjane ambaye hajalipa ada ya mtoto, naye anakopa ili asionekane mchoyo. Hakuna aliyekusudia hivyo. Lakini nani kati yetu, wazee wa kanisa, amerudi kukagua? Wala tusiing'oe yote kwa siku moja, kwa maana katika mizizi hiyo hiyo kuna msaada wa msiba, kuna kuuguzana. Tuanze na miche: kiwango kipunguzwe, kadi isipelekwe kwa asiyejiweza, na baada ya miezi mitatu tukae tena tuulize nani ameumia na nani amepona.

Na mtu asije akaligeuza neno hili kuwa fimbo ya kumpigia mwenzake. Binadamu si gugu. Hukumu juu ya watu Bwana ameiweka mikononi mwake. Sisi tumeachiwa kazi, mazoea na maamuzi yetu, na hayo tunaweza kuyakagua leo.

Kumbukeni pia kwamba Adamu alipewa kulima na kuitunza bustani kabla hajatenda dhambi. Utunzaji haukuja kama adhabu. Ni heshima tuliyopewa mwanzo kabisa, na anayeuinamia mche msituni, daftari mkononi, anatimiza agizo hilo sawa na anayehubiri madhabahuni.

Basi juma hili, kabla ya kupanda mti wowote kiwanjani, muulizeni afisa misitu unatoka wapi na hufanya nini ukiwa haulindwi. Na kila jumuiya ichague jambo moja jema tulilolianzisha zamani, ikalitazame upya pamoja na wale linalowagharimu.

Tuombe: Ee Bwana, mwenye shamba, utupe macho ya kuona mapema, mikono isiyo na pupa, na moyo wa kurudi pale tulipopanda. Utusamehe mema tuliyoyatelekeza hadi yakawa mzigo kwa wadogo. Uwatie nguvu wote wanaoitunza misitu yako. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.