Ungeniambia Kwanza

Tuliiambia familia kwamba ni ngiri. Uongo huo tuliutunga ndani ya basi tukitoka Tanga kwenda Dar es Salaam, mume wangu kakaa dirishani, bahasha ya majibu imelala mapajani mwake. Kwetu pwani ngiri haina aibu. Kila ukoo una mzee aliyepasuliwa ngiri, akapona, akaendelea kutamba barazani.

"Wakiuliza, sema ngiri," aliniambia.

"Hata wadogo zako?"

"Hao hasa."

Nilikubali. Nilikubali upesi, kama unavyomkubalia lolote mtu anayeogopa. Ndani ya bahasha yalikuwamo maneno saratani ya tezi dume. Alikuwa na umri wa miaka 61. Kipimo cha damu kinachoitwa PSA kilisoma 14, na madaktari wengi huanza kuwa na wasiwasi kikivuka 4. Vinyama 12 vilivyochukuliwa kwenye tezi vilithibitisha kilichohofiwa. Afueni ilikuwa moja: ugonjwa ulikuwa haujatoka nje ya tezi, kwa hiyo tezi ikitolewa yote, kulikuwa na matumaini ya kuutoa wote.

Ahadi yangu ya kwenye basi niliivunja. Sijaacha kujiuliza kama nilikuwa na haki ya kuivunja, na nataka kulifikiria jambo hilo hapa bila kujipendelea. Mgonjwa akimwambia mkewe "usimwambie mtu", siri hiyo ni ya nani?

Mwanzoni sikuona kama kuna la kuuliza. Nilipoolewa, somo yangu aliniusia kwamba ya chumbani huishia chumbani, na kwa miaka 34 nimeishi hivyo. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na mke ndiye kata. Ugonjwa wenyewe nao ni wa chumbani kuliko magonjwa yote. Unakaa pale pale ambapo mwanaume amefundishwa kwamba ndipo ulipo uanaume wake. Wanaume wa mjini wakiutaja, huutaja kwa mzaha, na mzaha wenyewe huwa juu ya kidole cha daktari. Niliona wazi kwamba akisema anaumwa figo atahurumiwa, ila akitaja tezi dume atahurumiwa barazani kisha achekwe kona ya pili. Ni mke gani angempeleka mumewe kwenye kicheko hicho?

Akapasuliwa. Tezi dume iko chini ya kibofu, na njia ya mkojo hupita katikati yake kama uzi upitavyo kwenye ushanga. Ikiondolewa, kibofu huvutwa chini na kushonwa upya kwenye njia ya mkojo. Ili mshono upone, mgonjwa huwekewa mpira wa mkojo. Wake ulikaa wiki mbili. Wodini nilifundishwa kumwaga mfuko, kusafisha kwa maji na sabuni pale mpira unapoingilia, na kuhakikisha mfuko uko chini ya kibofu muda wote, mkojo usije ukarudi ulikotoka. Damu kidogo isinitishe. Mkojo ukiacha kabisa kushuka, nikimbie hospitali.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alituuliza kama ana ndugu wa kiume. Aliposikia wako wawili, na kwamba sisi tuna watoto wawili wa kiume, alisema maneno ambayo sote tuliyasikia. Mwanaume ambaye baba yake au ndugu yake wa damu ameugua saratani ya tezi dume, uwezekano wake wa kuugua huongezeka zaidi ya mara mbili. Wadogo zake wapime. Watoto nao, wakifikia miaka 45, waanze kupima. Mume wangu aliitikia kwa kichwa. Ndani ya gari la kukodi lililoturudisha Tanga akasema, "Ni ngiri, Mwalimu. Tumeelewana?" Huniita Mwalimu, kwa kazi niliyostaafu.

Nyumbani, mfuko wa mkojo niliuficha ndani ya kikapu cha ukindu, juu nikafunika kanga. Wageni walikaa kitandani pembeni yake wakampa pole ya ngiri, kikapu kiko miguuni pao.

Siku ya saba nilijaribu njia ya katikati. Nilimpigia simu shemeji yangu mdogo aliyeko Dar es Salaam, ana miaka 49, nikamuuliza kama ameshapima tezi dume. Alicheka. "Shemeji, mimi nakojoa kama farasi." Kisha akanyamaza kidogo. "Kwani kaka ana nini?"

"Ngiri," nikasema.

Mpaka siku ile uongo ulikuwa wa mume wangu, mimi niliubeba tu. Kuanzia pale ulikuwa wangu. Na nilijifunza kwamba onyo lisilo na sababu halina uzito. Watu wanashauriwa kupima kila siku, redioni na misikitini na makanisani, na hawaendi. Kinachomwinua mtu ni kusikia kwamba kaka yake amelala kitandani. Hicho ndicho nilichokuwa nimekificha.

Methali inasema mficha maradhi kifo humuumbua. Haikusema kwamba kifo hicho huenda kikamfikia mtu mwingine kabisa, ambaye hakuficha kitu kwa sababu hakuambiwa kitu.

Wapo waliolifikisha swali hili mahakamani. Mwaka 2020 Mahakama Kuu mjini London iliamua kesi ya mwanamke ambaye baba yake aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa Huntington, ugonjwa wa ubongo ambao kila mtoto wa mgonjwa ana nusu ya uwezekano wa kuurithi. Baba aliwakataza madaktari wasimwambie bintiye, aliyekuwa mjamzito, nao wakanyamaza. Mahakama ilisema madaktari wana wajibu wa kupima pande zote mbili, siri ya baba na maslahi ya binti. Hata hivyo binti alishindwa kesi, kwa kuwa uamuzi wa kunyamaza ulionekana kuwa ndani ya mipaka ambayo madaktari wenye busara wangeweza kuifuata. Kwa hiyo hata hakimu hakusema siri ya mgonjwa haina thamani, wala hakusema siri hiyo haigusiki. Alisema ipimwe.

Nami nilipima. Siku ya kumi alikuja shemeji yangu wa Muheza, ana miaka 56, na machungwa nusu gunia. Alikaa kitandani akamenya chungwa, akasema kwa kicheko, "Na mimi siku hizi naamka mara tatu usiku kukojoa. Uzee huu, kaka."

Mume wangu alitazama dari.

Usiku, mgeni akiwa amelala chumba cha pili, nilimnong'oneza: "Umemsikia?"

"Ni uzee tu."

Huenda alikuwa sahihi. Wanaume wengi wa umri ule huamshwa na tezi iliyokua tu, isiyo na saratani, na saratani yenyewe ikiwa changa mara nyingi haitoi dalili yoyote. Mizani yangu kwa hiyo haikuwa na maisha ya mtu upande mmoja na aibu upande wa pili. Upande mmoja palikuwa na hatari ambayo huenda isingetokea kamwe, upande wa pili palikuwa na ahadi ambayo kwa hakika ingevunjika. Ingekuwa rahisi kusema hatari isiyo na hakika haivunji ahadi. Lakini hakuna hatari ambayo huja na hakika kabla ya kupimwa. Kusubiri hakika ilikuwa sawa na kusubiri augue.

Asubuhi nilimsindikiza mgeni barabarani. Nikamwambia, "Shemeji, kaka yako hana ngiri." Nilimtajia ugonjwa, nikamwambia alichosema daktari kuhusu ndugu wa damu. Sikumwambia habari ya mpira wala kikapu. Sikumwambia jinsi kaka yake anavyogeukia ukutani ninapomwosha. Alitua mfuko wake chini, akauliza jambo moja: "Atapona?"

Mchana nilimweleza mume wangu nilichofanya. Hakunijibu kwa siku tatu.

Sijui kama kuna kimya kizito kuliko cha mtu unayemwosha. Nilipomwambia inua mkono, aliinua. Nilipopiga magoti kumwaga mfuko, alifumba macho. Hakuwa na pa kwenda na hasira yake. Mtu aliyemkosea ndiye aliyekuwa anamvalisha shuka. Mke mwenye afya akikasirika anaweza kwenda kwa dada yake. Yeye alikuwa amefungwa na mpira.

Siku ya nne, nikiwa nakunja kanga ya kikapu, alisema, "Ungeniambia kwanza."

Nilikuwa nimejiandaa kujibu maneno mengine. Nilitegemea atasema nisingemwambia, na hapo majibu yangu yalikuwa tayari, nimeyapanga kama somo la kesho: damu si yako peke yako, wadogo zako wana watoto, daktari alisema. Lakini hakusema hivyo. Alisema ungeniambia kwanza. Hakubishia haki ya ndugu zake. Alidai haki yake.

Niliifikiria kauli hiyo kwa siku nyingi. Kwa nini sikumwambia kwanza? Nilijidanganya kwamba angekataa, kwa hiyo hakukuwa na maana. Ukweli ni kwamba kwa siku kumi nilikuwa nimeamua kila kitu chake: ale saa ngapi, ageuke upande gani, nani aingie chumbani na nani aambiwe amelala. Mikono iliyozoea kumwosha ilizoea pia kuamua. Asubuhi ile barabarani niliamua kwa niaba yake kama nilivyoamua uji uwe wa ulezi. Kabla ya upasuaji nisingethubutu. Ningemwambia, tungegombana, ningempa siku mbili za kusema mwenyewe, na nikiona kimya ndipo ningesema, naye akijua kwamba nitasema.

Hapo ndipo nilipofika katika swali langu. Naona siri ya mgonjwa ina sehemu mbili ambazo tumezoea kuzifunga kwenye bahasha moja. Iko habari ya mwili wake: mpira, mkojo, kinachowezekana na kisichowezekana kitandani. Hiyo ni yake mpaka kaburini, na mke akiitoa amemsaliti hata kama amesema kweli. Na iko habari ya damu, ambayo yeye ameipata wa kwanza tu. Hiyo hakuwa na uwezo wa kunifungia, kwa sababu haikuwa yake peke yake, na mimi sikuwa na uwezo wa kuiahidi. Hata hivyo, kuwa na haki ya kusema hakukunipa haki ya kumpita mgongoni. Mgonjwa anaporwa maamuzi mengi na ugonjwa wenyewe. Lile dogo linalobaki, la kuambiwa kabla ya wengine, anayemuuguza ndiye wa mwisho anayepaswa kumnyang'anya.

Nilimwomba radhi kwa njia niliyopita. Kwa kile nilichosema sikuomba radhi, naye hakunidai.

Mpira ulipotolewa, mkojo ulianza kumvuja, kama tulivyoambiwa itakavyokuwa. Safari hii nilimuuliza: ninunue nepi za watu wazima au tukate vitambaa? Alichagua nepi, na akachagua duka la dawa la mtaa wa mbali. Mazoezi ya kubana misuli ya nyonga, ambayo daktari Arnold Kegel wa Marekani aliyaandikia mwaka 1948 kwa ajili ya wanawake waliojifungua, nilimfundisha mimi, kwa kuwa niliyafanya baada ya kuzaa. Alicheka kwa mara ya kwanza. Baada ya wiki kadhaa akawa mkavu usiku, mchana bado. Yaliyobaki yanahitaji miezi, na kipimo chake cha PSA cha kwanza baada ya upasuaji kilikuwa chini sana, kama kinavyotakiwa.

Watoto wetu aliwaambia mwenyewe, mimi nikiwa jikoni. Shemeji wa Muheza alipima, akakutwa salama. Tezi yake imekua tu, anatumia dawa. Wa Dar es Salaam hajaenda mpaka leo. Kaka yake humpigia simu kila Ijumaa jioni, na simhitaji mtu wa kuniambia wanazungumza nini, kwa sababu sauti yake inafika mpaka uani: "Mimi nimekatwa, wewe unaogopa sindano ya damu?"

Insha hii ameisoma kabla yenu. Nilimpa pamoja na kalamu. Amefuta aya mbili. Hazikuwahusu ndugu zake. Zilikuwa za chumbani, na zimebaki huko.