Akila na Prisila Hawakungoja Kurudi Rumi

 

Somo letu la mwezi huu liko katika Matendo ya Mitume, mlango wa 18, mistari mitatu ya kwanza. Tafadhali fungueni Biblia na msome wenyewe kabla ya kuendelea na karatasi hii. Ni mistari mifupi, lakini ndani yake mna familia ya wakimbizi.

Mume anaitwa Akila, mzaliwa wa Ponto, nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi. Mke anaitwa Prisila. Walikuwa wanaishi Rumi. Kisha Kaisari Klaudio akaamuru Wayahudi waondoke mjini, na wataalamu wengi wanaweka jambo hilo karibu na mwaka 49. Luka haelezi walifunga mizigo gani, ni nani aliyebaki na nyumba yao, wala kama kulikuwa na mteja ambaye hajawalipa. Sisi tunaoujua usiku wa kukimbia tunaweza kuyajaza wenyewe yale ambayo Luka ameyaacha.

Anachotuambia ni kwamba Paulo alipofika Korintho aliwakuta huko, na kwa kuwa yeye pia alikuwa fundi wa mahema kama wao, akakaa kwao wakafanya kazi pamoja. Korintho ulikuwa mji wa biashara wenye bandari mbili, Lekayo upande mmoja na Kenkrea upande wa pili. Karibu na mji ilifanyika michezo mikubwa ya Isthmia kila baada ya miaka miwili, na wageni waliokuja kutoka mbali walihitaji mahali pa kulala. Paulo naye alitoka Tarso ya Kilikia, nchi iliyosifika kwa kitambaa kizito cha manyoya ya mbuzi, hata kitambaa chenyewe kikaitwa kwa jina la nchi hiyo. Basi fundi wa mahema alikuwa na soko Korintho. Akila na Prisila waliliona soko hilo, wakaketi, wakashika sindano.

Tuwaombe msimame hapo kidogo. Siku ile walipoketi kushona, hawakujua kama amri ya Kaisari ingeondolewa. Klaudio alikufa mwaka 54. Paulo alipowaandikia Warumi, karibu na mwaka 57, tunawakuta Akila na Prisila wako tena Rumi, na kanisa linakutana nyumbani kwao (Warumi 16). Katikati hapo kuna miaka ya ugenini, Korintho kwanza, kisha Efeso. Katika miaka hiyo walifanya kazi, walimlisha mtume, walimfundisha Apolo, mtu mwenye elimu kuwashinda, na walifungua nyumba yao kwa ibada. Hatusomi popote kwamba waliweka chini kazi yao wakingoja habari kutoka Rumi.

Tunaandika haya kwa sababu sisi wazee wa kanisa tuna jambo la kuungama mbele yenu.

Kwa miaka mingi tumeomba sana kwa ajili ya safari za nchi ya tatu. Hilo si kosa, na tutaendelea kuomba. Lakini tulifika mahali ambapo mtu akiitwa kwenye mahojiano tunapiga vigelegele, akipimwa na daktari tunamwambia afungashe, na akianza kuuza vitu vyake tunasema hiyo ndiyo imani. Dada mmoja kati yetu, fundi mzuri wa nguo, aliuza cherehani yake na meza yake akiwa amebakiza safari tu. Tulimshangilia. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na safari nyingi zikafutwa. Leo dada huyo anakodi cherehani ya mtu mwingine kwa siku, kandokando ya mahali palepale alipokuwa na yake. Hajatulaumu hata siku moja. Sisi tunajilaumu. Hatukumfundisha kwamba mtu anaweza kuwa na mzigo uliofungwa mlangoni na bado akaendelea kushona.

Tena mnajua jinsi mlango wa pili ulivyofungwa. Shirika la chakula, ambalo wengi wetu tunaliita PAM na hapa wanaliita WFP, mwaka 2023 liligawa familia katika makundi matatu, na kundi lililohesabiwa kwamba linaweza kujitegemea likaondolewa. Mwezi wa tano 2025 watu karibu milioni moja Uganda nzima wakakatiwa chakula. Wako kati yetu waliosikia kwamba wanajitegemea siku ileile walipokuwa hawana hata unga wa jioni. Hatutaki kusema kwamba jambo hilo ni jema eti kwa sababu linatufundisha kazi. Si jema. Mzee asiyeona, mama mwenye watoto wadogo na hana mtu, mgonjwa, hao wanapaswa kupata chakula, na pale mashirika yasipofika ni juu yetu kanisa kufika. Neno hili ni kwa wale ambao bado tuna mikono na macho.

Basi kukua katika kazi ni nini kwa mtu wa Base Camp? Wengine wamekuja hapa na mahubiri ya utajiri: toa mbegu, utapata gari. Wapendwa, Paulo hakupata gari. Alishona mahema ili asimlemee mtu. Tunachosema sisi ni kidogo kuliko hicho, na kinahitaji uvumilivu zaidi.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo tunapoanguka. Someni 2 Wafalme mlango wa 4, yule mjane mwenye chupa ya mafuta. Tunapenda kuhubiri muujiza wa vyombo vilivyojaa, tukasahau maneno ya mwisho ya Elisha. Alimwagiza auze mafuta, alipe deni lake, kisha yeye na wanawe waishi kwa kile kitakachobaki. Angalieni utaratibu huo. Deni lilitangulia, chakula kikafuata, na chakula kilitoka katika kilichobaki.

Sasa tuseme mama anapika mandazi. Ananunua unga, sukari, mafuta na makaa ya 40,000. Akiuza yote anapata 52,000. Faida yake ni 12,000, lakini mkononi anaona 52,000, naye anatoa 20,000 kwa ajili ya nyumba. Hapo 8,000 imetoka katika mtaji. Wiki ya pili ananunua vitu vya 32,000, anapata faida ndogo zaidi, na nyumba bado inataka 20,000 yake. Wiki ya nne sufuria imekauka. Halafu jirani anasema huyu amerogwa. Tukubali kwamba tumeshika maombi usiku kucha kwa biashara ambazo zilihitaji daftari la shilingi chache na kalamu. Tuombe, ndiyo, lakini tuandike. Hata mandazi wanayokula watoto asubuhi yaandikwe.

Kwa wale walio katika vyama vya akiba, ambavyo kwetu wengi tunaviita likelemba, tunasema neno moja tu: mkopo wa chama usiwe wa sherehe. Mkiukopa kwa ajili ya cherehani au gunia la maharagwe, cherehani na maharagwe vitausaidia kurudi.

Jambo jingine ni neno la mtu. Pale sokoni Base Camp kuna wenye maduka, Wasomali na wengine, wanaomkopesha mtu mzigo bila karatasi yoyote. Wanamkopesha kwa sababu mara ya kwanza alisema Ijumaa na Ijumaa akaja, hata kama alikuja na nusu ya pesa na maelezo. Fundi anayesema nguo itakuwa tayari kesho, akijua kesho haiwezekani, amejifungia duka mwenyewe. Tunajua ni tabia ya mafundi wengi. Tunajua pia wako mafundi hao katika kwaya yetu.

Kisha kuna lugha. Mtu anayenunua nyanya, kitenge au vipuri vya baiskeli Mbarara kwa Kiswahili peke yake analipa zaidi, na akidanganywa hajui. Runyankole ya sokoni inaweza kujifunzwa na jirani mmoja Mnyankole mwenye subira. Kiingereza kinahitaji darasa. Walimu na wauguzi wetu waliosoma kwa Kifaransa wanalijua hilo kwa uchungu: diploma ya Kongo iko sandukuni, na mwenye nayo analima shamba la mtu. Ndugu, karatasi hizo hazijafa. Vyeti vya sekondari hulinganishwa na UNEB, na vya chuo kikuu hulinganishwa na NCHE. Ni safari ndefu, ina gharama na inahitaji tafsiri, lakini ipo. Na fundi ambaye hakukaa darasani, seremala, fundi nguo au mchomeleaji, anaweza kupimwa kwa kazi ya mikono yake mwenyewe na kupewa cheti na serikali ya Uganda. Siku atakapoulizwa Mbarara au Kampala, atakuwa na kitu cha kuonyesha. Na siku atakapoitwa Kanada au kurudi Bukavu, cheti hicho hakina uzito katika begi.

Wengine wanaogopa, wanauliza kama mkimbizi anaruhusiwa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, kulima na kufanya biashara kwa kufuata sheria za nchi. Tembeeni na kitambulisho, ombeni karatasi ya ruhusa ofisini kabla ya safari, lipeni ushuru wa soko kama wenyeji wanavyolipa. Tena msifikiri kwamba kazi yetu inawanyima wenyeji. Mwaka 2014 watafiti wa chuo kikuu cha Oxford walitoa ripoti baada ya kupita Nakivale, Kyangwali na Kampala. Kule Kampala waliona kwamba katika wakimbizi 100, 21 wana biashara iliyomwajiri angalau mtu mmoja, na katika watu walioajiriwa nao, 40 kwa 100 ni raia wa Uganda. Nchi iliyotupokea inakula nasi kwenye sinia moja. Nakivale imepokea watu tangu miaka ya mwisho ya 1950, wakati Wanyarwanda wa kwanza walipokimbilia hapa, na watu wa Isingiro wametupa ardhi ambayo wangeweza kulishia ng'ombe wao.

Turudi Korintho, maana kuna jambo moja tulilirukia. Akila na Prisila walishona wawili. Biblia haitenganishi kazi ya mume na ya mke katika nyumba hiyo, na mara nyingi inamtaja Prisila kwanza. Baba unayeketi kwenye kivuli ukicheza karata wakati mama yuko sokoni na mtoto mgongoni, soma tena. Wala usiseme kwamba huko kwetu ulikuwa mkurugenzi. Paulo alisoma miguuni pa Gamalieli, na bado alishika sindano.

Tena nyumba ile ilimpokea mgeni. Paulo alifika Korintho peke yake, nao wakampa mahali pa kulala na pa kufanya kazi. Vita vilipofika Goma mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi wa pili, watu wengi zaidi walivuka mpaka, na baadhi yao sasa wanakaa kwenye viti vya nyuma kanisani kwetu. Kati yao yuko fundi viatu, yuko mshonaji wa makoti, yuko kijana aliyekuwa anatengeneza simu. Hawana vifaa. Mwenye meza ya kazi amwachie mmoja wao nafasi ya nusu siku. Msiogope kwamba atawachukulia wateja. Akila angeweza kumwogopa Paulo kwa sababu hiyohiyo, na leo tusingekuwa na habari ya kusoma.

Kwa hiyo, Jumapili ijayo baada ya ibada, mafundi na wafanyabiashara wote wabaki chini ya mti nyuma ya kanisa. Kila mmoja aje na daftari, hata kama ni tupu. Wenye diploma za Kongo, Burundi au Rwanda walete nakala, siyo karatasi ya asili, ili tuandike orodha na kutafuta mtu wa kutafsiri. Darasa la Kiingereza litakuwa Jumanne na Alhamisi jioni, na mwalimu ni mmoja wetu, msimcheke matamshi.

Na kuhusu yule dada wa cherehani: kamati ya wamama imeanza kuchanga, na sisi wazee tumetanguliza sehemu yetu, kama ilivyotupasa. Bado haijatimia. Anayetaka kuongeza amwone mtunza hazina, naye ataandika jina na kiasi.

Wazee wa kanisa, Base Camp