Chungu Hufunikwa kwa Ajili ya Nani?

Katika miji yetu ya pwani hapana khabari iendayo mbio kama ile ya kuwa bwana afya ametoka. Kabla hajafika kichochoro cha pili, mikahawa yote imekwisha pata khabari. Sakafu yapigwa maji, sambusa zafunikwa, koti jeupe lililotundikwa msumarini tangu mwaka jana lavaliwa, na mpishi mwenye kidonda mkononi aambiwa atokee mlango wa nyuma. Bwana afya akienda zake vifuniko vyaondolewa, na nzi warejea kazini mwao.

Swali tulitakalo leo si la nzi. Ni hili: mtu huyu aliyesafisha kwa kuwa anatazamwa, je, ametimiza lililo juu yake? Na sisi tulao kwake, lipi lililo juu yetu?

Wako wasemao kuwa ukaguzi ni jambo la Wazungu, lililokuja pamoja na kodi na leseni. Ni kweli kuwa Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya ni ya mwaka 1921, na kwamba sheria ya vyakula na dawa ilifuata mwaka 1965, na kuwa Katiba ya 2010 ndiyo iliyozipa serikali za kaunti kazi ya kutoa leseni kwa wauzao chakula na kuwasimamia. Lakini adhaniye kuwa asili ya jambo hili ni hapo hakusoma. Bwana Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye lundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikatoka na umajimaji. Mwenye nafaka akatoa udhuru wa mvua. Akaulizwa mbona iliyorowa hakuiweka juu watu wakaiona, kisha akaonywa kuwa mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Angalia, ewe msomaji, kuwa hakutosheka na la juu. Alitia mkono ndani.

Baadaye kazi hii ilipewa mtu maalumu, naye ni muhtasibu. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), alimwekea mlango katika kitabu chake cha hukumu za utawala. Al-Shayzari naye, katika zama za Salahuddin al-Ayyubi, aliwaandikia wakaguzi wa masoko mpaka khabari za mkanda unga: asikande kwa miguu, afunge kitambaa cha kipaji jasho lisidondoke, azibe kinywa asije akapiga chafya juu ya unga, na asimame mtu wa kufukuza nzi. Huu ndio ukaguzi wa leo wenyewe, isipokuwa haukuwa na fomu za kujaza.

Turudi kwenye swali. Baadhi ya ndugu zetu husema kuwa asafishaye kwa kumwogopa bwana afya hana alilolifanya, kwani ni riya. Hawa wamechanganya mambo mawili. Thawabu ni baina ya mtu na Mola wake. Lakini usafi wa chakula ni haki ya mlaji, na haki ya mtu hulipwa hata kwa kinyongo. Deni lililolipwa kwa kuogopa kadhi limekwisha lipwa. Tumbo la mlaji haliulizi nia ya mpishi.

Walakini nia ina kazi yake, nayo ni kazi ya wakati. Bwana afya huja mara chache kwa mwaka, na mlaji huja asubuhi, mchana na jioni. Mwenye kusafisha kwa hofu husafisha kwa kipimo cha hofu yake. Na saa zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, mlinzi wake ni nani?

Wala si kila taka huonekana kwa macho. Kanuni humtaka ashikaye chakula akapimwe hospitali na kupata cheti kila miezi sita, na wengi hunung'unika wakisema, "Mimi mzima, sina homa." Wasikilize kisa cha Mary Mallon, mpishi wa New York, aliyegunduliwa mwaka 1907 kuwa amebeba vidudu vya homa ya matumbo ilhali yeye mwenyewe haumwi hata kidogo. Alizuiliwa, kisha mwaka 1910 akaachiliwa kwa ahadi kuwa hatapika tena. Mwaka 1915 akakutwa akipika katika hospitali moja, kwa jina jingine, na watu 25 wameugua, wawili walifariki. Akazuiliwa tena mpaka kufa kwake mwaka 1938. Mwanamke huyu alidhulumiwa kwa namna fulani, maana hakuchagua maradhi yale. Lakini sufuria aliichagua. Na leo anunuaye cheti bila kupimwa amefanya lile lile, tena bila ya dhiki yake.

Hapa ndipo inapoingia rushwa. Wenye hoteli husema, "Nisipotoa kitu atanisumbua." Wanachuoni wameruhusu mtu kutoa mali kuiondoa dhulma itokayo kwa mwenye nguvu, na dhambi ikawa juu ya mpokeaji. Ama yule ambaye jiko lake ni chafu hana haki aliyonyimwa. Ananunua afya ya watu wasiokuwapo kwenye mapatano hayo.

Na mlaji aliyeona panya jikoni, akanyamaza kwa kuogopa kusengenya? Usengenyaji umeharimishwa, lakini kuwatahadharisha watu na madhara kumetolewa katika hukumu hiyo. Amwambie mwenyewe kwanza, kwa siri na kwa upole. Asiposikia, aende kwa wenye mamlaka. Kulizungusha barazani kwa kicheko, bila kumwambia mwenye jiko wala mkaguzi, huko ndiko kusengenya.

Limebaki moja, nalo laumiza. Tumeona karai ya mama auzaye viazi na bajia ikimwagwa mtaroni na askari, na siku hiyo hiyo mkaguzi akaketishwa katika hoteli kubwa, akaletewa maji ya tende, asiingie jikoni. Sheria ni moja. Mbona mkono watiwa ndani ya lundo la maskini tu? Hatusemi mama huyo aachwe auze uchafu, kwani kipindupindu hakiulizi kimetoka karai ya nani. Lakini hutozwa ushuru na mji huo huo, na mahali alipokaa hapana mfereji wala choo. Ukimwuliza atakwambia kuwa ndoo moja aliyoichukua nyumbani ndiyo ya mikono, ya sahani na ya vikombe, mpaka saa tatu za usiku.