Haki ya Msikilizaji katika Sauti ya Msemaji

Wapo wanaoona haya kuiandaa sauti. Wakili anayevuma kwa midomo iliyofungwa kabla ya kuingia mahakamani, mwalimu anayetetemesha midomo kabla ya kengele, khatibu anayeijaribu sauti kabla ya kupanda mimbari, wote huchelea kuonekana wanajiandaa kuigiza. Chini ya haya hiyo kuna swali la maadili: je, neno la kweli linahitaji sauti iliyotengenezwa, au kuitengeneza sauti ni mwanzo wa kuwahadaa watu? Nashikilia kwamba kuiandaa sauti ni sehemu ya amana ya msemaji, na kwamba anayeipuuza humpunja msikilizaji haki yake.

Shaka hii ni ya kale. Katika kitabu chake Gorgias, Plato anamwonyesha Socrates akiulinganisha ufasaha na upishi unaofurahisha ulimi bila kujali afya ya mlaji. Onyo hilo lina uzito, na aliyewahi kusimama kwenye mkutano wa kampeni hatalipinga. Lakini linalolaumiwa pale ni nia ya kusema ili kupendeza tu. Kupasha sauti hakumwongezei mtu hoja wala hakumfichii uongo. Nyuzi za sauti zilizo ndani ya zoloto hukutana na kuachana zaidi ya mara 100 kwa sekunde mwanamume anapozungumza, na kama mara 200 kwa mwanamke. Zikilazimishwa ghafla kupaaza sauti, huchoka mapema. Kuvuma taratibu, au kutoa sauti kupitia mrija mwembamba, zoezi ambalo mwanasayansi Ingo Titze amelieneza sana, huacha shinikizo la hewa kinywani linalozisaidia nyuzi kutetemeka bila kugongana kwa nguvu. Huo ni utunzaji wa kiungo, na sioni hadaa iko wapi.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa waumini. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba hakuwaendea kwa ufasaha wa maneno, na katika Injili ya Mathayo wanafunzi wanaambiwa wasihangaike watakavyosema, kwa maana watapewa la kusema. Ahadi hiyo, hata hivyo, inawahusu watakaokamatwa na kupelekwa mbele ya watawala. Haikutolewa kwa mhubiri anayeijua siku na saa ya ibada yake. Musa alipotumwa kwa Firauni aliomba fundo la ulimi wake lifunguliwe, akaomba pia asaidiwe na Haruni, na Qurani inasimulia katika sura ya Twaha kwamba alikubaliwa. Sahaba Abdullah bin Zayd alipomweleza Mtume Muhammad maneno ya adhana aliyoyaona ndotoni, aliagizwa amfundishe sahaba mwenzake Bilal, kwa sababu sauti ya Bilal ilikuwa bora kuliko yake. Aliyeyapata maneno siye aliyepewa kuyatangaza! Kwangu huu ni ushahidi mkubwa: ujumbe ulikuwa mtakatifu, na bado koo la kuubeba likachaguliwa kwa makini.

Augustine naye aliijua thamani ya sauti mwilini mwake. Mwaka 386, akiwa mwalimu wa ufasaha Milan, kifua chake kilidhoofika hata akashindwa kusema kwa muda mrefu, na akaiacha kazi hiyo. Baadaye, akiwa askofu Hippo, katika Algeria ya leo, aliuliza kwa nini waongo wawe mafundi wa kusema ilhali watetezi wa kweli wanachosha kusikilizwa.

Atasema mtu kwamba msikilizaji hufuata maana, sauti imekwaruza au haikukwaruza. Darasani si hivyo. Utafiti umeonyesha kwamba uelewa wa watoto hupungua wanaposikiliza sauti iliyoharibika, maana sehemu ya akili yao inahangaika kuyanasa maneno. Na walimu ndio hao wanaosumbuliwa na maradhi ya sauti kuliko watu wa kazi nyingi nyingine. Gharama ya uzembe wa msemaji hulipwa na aliyeketi mbele yake, tena mara nyingi ni mtoto asiyeweza kulalamika.

Basi wewe utakayesimama mbele za watu kesho, kunywa maji mapema, vuma dakika chache, panda na kushuka kwa sauti bila kulazimisha, na usijikohoze kwa nguvu. Wala usione haya ukikutwa ukifanya hivyo.