ULIJIBU "NDIYO" — YULE MTOTO YUKO WAPI?



Leo nasema na wewe uliyewahi kusimama Kanisani Katoliki kama baba au mama wa ubatizo. Usiitupe karatasi hii. Sikuja kutukana dhehebu la mtu. Matusi hayajamwokoa yeyote.

Wengi husema, "Ubatizo ni kupata jina na cheti cha kufungia ndoa." Siyo hivyo! Kanisa lako linafundisha kwamba maji yale huondoa dhambi ya asili, mtu huzaliwa upya, wala hayarudiwi. Na sheria yake ya mwaka 1983 ina masharti. Lazima liwepo tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani. Likikosekana kabisa, padre aahirishe. Msimamizi awe ametimiza miaka 16, amepata kipaimara na komunyo, na maisha yake yafanane na kazi hiyo. Kumbe hatafutwi mwenye gari wala mwenye zawadi nene!

Mtazame Karoli Lwanga, mtumishi wa ikulu ya Kabaka Mwanga kule Munyonyo, Uganda, Mei 1886. Hakuwa padre. (Kwenye hatari ya kifo Kanisa hilo humruhusu mtu yeyote kubatiza.) Alipoona kifo kinakuja, usiku ule aliwabatiza vijana waliokuwa bado wanafundishwa, Kizito mdogo akiwemo. Hapakuwa na keki, hapakuwa na mpiga picha. Tarehe 3 Juni walichomwa moto Namugongo, na Lwanga naye alichomwa siku hiyohiyo. Hakuwaacha njiani.

Sasa wewe. Je, mtu aweza kuamini kwa niaba ya mwingine? Sisi walokole tunasoma Matendo 8, towashi aliamini ndipo akashuka majini, kwa hiyo tunangoja mtu aamini mwenyewe. Lakini hapa huna pa kujificha, ndugu yangu! Katika ibada yenu ya watoto wachanga iliyotolewa mwaka 1969, padre haongei na mtoto kupitia kwako. Anakuuliza wewe: unamkataa Shetani? Unaamini? Nawe ukajibu ndiyo, jioni ukaenda kilabuni kulewa.

Yule mtoto ana miaka mingapi sasa? Amewahi kukuona ukisali? Nenda kwao wiki hii, hata mikono mitupu. Kaa naye, umweleze siku ile ulijibu nini.