Andika Mahali!

Wazee walituachia neno: mali bila daftari hupotea bila habari. Tumelishika dukani, tumelishika sokoni, tumelishika hata kwenye vikoba. Lakini leo nalia nanyi, ndugu zangu, kwa sababu daftari tunalo, kalamu tunayo, na bado watu wanatupotea. Tunaandika jina, umri, ugonjwa, dawa na fedha. Tukifika kwenye nafasi ya mahali tunatupia neno moja la haraka na kugeuza ukurasa.

Nimeyaona kwa macho yangu. Siku moja niliketi kwenye zahanati ya pembezoni mwa Dar es Salaam, nikafunguliwa kitabu cha kumbukumbu za afya (MTUHA) cha wagonjwa wa nje. Watoto wenye kuharisha, ukurasa baada ya ukurasa, na mbele ya kila jina: Mbagala. Mbagala. Mbagala. Jamani, Mbagala ni mji mzima! Ina mabonde na miinuko, ina wenye bomba na wanaonunua maji kwa ndoo. Muuguzi wa zamu hakuwa mvivu. Foleni ilikuwa imefika nje ya mlango. Lakini huenda watoto wale walikuwa wananyweshwa maji ya kisima kimoja, na kitabu kilichopaswa kutufichulia ndicho kilichotufichia. Nilitoka pale na uchungu ambao haujaniisha.

Nisikilizeni habari ya Soho, jijini London, mwaka 1854. Mwishoni mwa Agosti kipindupindu kiliwaangukia watu waliokaa kuzunguka Broad Street, na kabla hakijapoa kilikuwa kimeua zaidi ya 600. Wakubwa wa utabibu waliamini kinachoua ni hewa mbaya. Daktari John Snow alichukua orodha ya marehemu akaingia mtaani kuuliza: maji mlikuwa mnachota wapi? Jirani tu palikuwa na nyumba ya kutunzia maskini, yenye watu 535. Wakafa watano. Walikuwa na kisima chao wenyewe. Kwenye kiwanda cha bia, pale pale Broad Street, kati ya wafanyakazi zaidi ya 70 hakufa hata mmoja, kwa maana walikunywa bia na maji ya humo humo kiwandani. Kisha akasikia juu ya mjane aliyefia Hampstead, mbali kabisa na Soho. Kumbe mama yule aliwahi kuishi Broad Street, akayapenda maji ya pampu ile, na kila siku alikuwa akiletewa chupa yake kwa gari la farasi. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukaondolewa.

Snow mwenyewe alikiri kwamba kufikia siku ile watu wengi walishakimbia na ugonjwa ulishaanza kupungua. Hata ramani yake mashuhuri, yenye alama nyeusi kwa kila aliyekufa, aliichora baadaye. Nayasema haya kwa sababu siku hizi mtu akisikia ramani anadai kwanza kompyuta, mfadhili na semina. Ramani ya Soho ilianza miguuni. Ilianza kwa mtu kubisha hodi.

Tena alikuwapo Henry Whitehead, padre kijana wa parokia ile. Hakumwamini Snow. Akatoka kumkanusha, akizunguka nyumba za waumini wake, akirudi tena na tena kwa waliofiwa. Kuzunguka kule kukamfikisha nyumba namba 40, kwa mama aliyekuwa akifua nepi za mtoto wake mgonjwa na kumwaga maji kwenye shimo la maji machafu lililokuwa hatua chache kutoka kwenye pampu. Aliyekwenda kupinga akarudi shahidi. Mapadri, wachungaji, masheikh mnaosoma haya, huyu ni mwenzenu! Nani anazijua nyumba za mtaa kuliko ninyi mnaoitwa kwenye kila msiba?

Msiniambie haya ni ya Wazungu wa London. Kipindupindu kilipoingia Unguja mwaka 1869, palikuwa na tabibu aitwaye James Christie. Aliwahoji wafanyabiashara na watu wa misafara, akaunganisha njia moja na nyingine, na mwaka 1876 akatoa kitabu kikieleza jinsi ugonjwa ulivyoshuka kutoka kaskazini, ukapita nchi ya Wamaasai, ukafika Pangani, ukavuka bahari. Ulitembea kwa miguu ya biashara. Waliojua ulikopita ni wale wale waliojua bei ya pembe za ndovu huko bara.

Basi nawageukia ninyi wenye biashara, mliodhani mahubiri haya ni ya waganga. Njia inayomleta mteja ndiyo inayoileta homa. Wewe mwenye duka la dawa muhimu, tangu maduka haya yaanze Ruvuma mwaka 2003 umekuwa mlango wa kwanza wa mgonjwa. Wiki ambayo chumvi ya kurudishia maji mwilini kwa wanaoharisha inakwisha rafuni kabla ya siku zake, wewe umejua kabla ya mganga mkuu wa wilaya. Je, umeandika wanunuzi wanatoka mtaa gani?

Chukua karatasi, chora barabara, mto, stendi, msikiti na kanisa. Kwa mwezi mmoja tia nukta kwa kila mteja. Mwisho wa mwezi usitazame kwanza palipojaa; huenda pamejaa kwa sababu ndipo watu walipo wengi, na ili upime sawasawa ni lazima ugawanye kwa idadi ya wakazi. Tazama palipo patupu. Ng'ambo ya mto hakuna nukta hata moja, na huku nyumba zipo na moshi wa jikoni unaonekana! Kwenye ramani umbali ni mdogo, lakini daraja lilichukuliwa na mafuriko. Pale ndipo panapongoja tawi lako, usilibane kwenye stendi yenye maduka manne yanayonyang'anyana mteja mmoja. Na pale pale ndipo mjamzito anaposhikwa na uchungu asipate pa kupita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba 29% ya watu wa Afrika kusini mwa Sahara wanaishi zaidi ya saa mbili kutoka hospitali ya umma yenye huduma ya dharura. Saa mbili, na mama anavuja damu!

Wala hatuanzi mwanzo. Mwaka 2004 Dar es Salaam ilianza mpango wa kudhibiti viluwiluwi vya mbu katika kata 15. Wenyeji walichora mitaa yao kwa mkono, nyumba kumi kumi, kisha michoro ikalinganishwa na picha zilizopigwa kutoka angani. Hapo yakajitokeza maeneo ambayo hayakuwamo kwenye mchoro wa mtu yeyote. Kila mmoja alidhani ni ya mwenzake, na mbu hajui mpaka wa mjumbe wa nyumba kumi. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu wakashirikiana na wakazi kuchora mitaro, njia na nyumba za kata zinazofurika, na kazi yao wakaiweka wazi, bure. Mwenyekiti wa mtaa, umewahi kuifungua?

Nawaonya pia, na hili nalisema kwa ukali. Nukta juu ya nyumba ya mgonjwa inaweza kumfukuzisha mpangaji na kumwachisha mtoto shule. Ramani ya nyumba kwa nyumba ikae kwenye kabati lenye kufuli, mikononi mwa walioapa kutunza siri; ya kubandika ukutani iwe ya mtaa mzima. Atakayeichora ili awatie watu aibu ni heri asichore.

Ninyi mlioko dirishani na kalamu, kwenu ndiko hasa nilikokuwa nakuja. Foleni naijua, uchovu naujua. Lakini kesho mama atakuja na mtoto mgongoni, atakwambia anatoka Mbagala. Kabla hujageuza ukurasa mwangalie usoni, umwulize: Mbagala ya wapi, mama? Mjumbe wenu nani? Maji mnachota wapi?